Mipaka Iliyo Chini ya Jiwe: Hotuba Juu ya Kuijenga Upya Shule Baada ya Volkano



Ilipotangazwa kwamba afisa wa polisi atazungumza juu ya ujenzi wa shule, mama mmoja aliuliza mbele ya watu: polisi na shule, wapi na wapi? Swali lake ni la haki. Sisi si mafundi wala si walimu, na hatuna mfuko wa kununulia mabati. Lakini tangu volkano iliposhuka mwaka 2021, mambo mengi yanayoharibika katika shule zilizoungua huishia mezani petu. Kiwanja kikigombaniwa, wagombanao huja kituoni. Mbao zikiibwa usiku, mlinzi huja alfajiri kutuamsha. Mtoto akiacha masomo na kuanza kulala sokoni, sisi ndio tunaomkuta huko. Afadhali basi tuzungumze leo, wakati bado ni maneno, kuliko kukutana baadaye wakati yamekwisha kuwa mashtaka.

Sina haja ya kuwasimulia usiku wa tarehe 22 Mei 2021, kwa maana mlikuwapo. Ilikuwa Jumamosi, giza limeingia, na anga la upande wa Nyiragongo likageuka jekundu bila tangazo lolote kutangulia. Lava iliteremka kwa njia ya Kibati na Buhene, ikakata barabara ya Rutshuru, ikasimama karibu kabisa na uwanja wa ndege. Watu wasiopungua 30 walifariki, na nyumba zilizoteketea zinahesabiwa kwa maelfu. Siku tano baadaye, ardhi ilipokuwa ikitetemeka na barabara za mji zikipasuka, mitaa 10 kati ya 18 ya Goma iliamriwa kuondoka, na watu laki kadhaa wakashika njia ya Sake, ya Minova, ya Rutshuru na ya Gisenyi. Mwezi wa Januari 2022 ilitimia miaka 20 tangu lava ya tarehe 17 Januari 2002, iliyopita katikati ya mji na kuacha yapata watu 120,000 bila makao. Kabla ya hiyo ilikuwapo ile ya Januari 1977. Mzee aliyezaliwa hapa na kukaa hapa ameona mara tatu. Nasema hivyo ili tukubaliane tangu mwanzo kwamba shule tunayoijenga inajengwa chini ya mlima uleule, na kwamba mwenye kujenga huku hujenga akijua.

Sasa niingie katika jambo lililonileta, nalo ni kiwanja.

Kabla ya usiku ule kila mtu alijua shule ilianzia wapi na kuishia wapi. Upande mmoja palikuwa na ua wa minyaa, upande mwingine njia ya kwenda kuteka maji, kule juu mikaratusi, na huku chini nyumba za majirani. Leo ua hakuna, njia hakuna, na palipokuwa na madarasa pana jiwe jeusi lenye kimo cha mtu. Mgeni akisimama juu yake hawezi kujua kama amesimama juu ya shule, juu ya shamba la maharagwe au juu ya kaburi. Na penye giza la namna hiyo, wenye macho makali hujitokeza haraka. Majivu yalikuwa hayajapoa vizuri, tayari mtu alikuwa amekwisha pima hatua zake, ameweka mawe manne kwenye pembe na kuanza kuuza.

Shule ninayoifikiria sitaitaja kwa jina, kwa kuwa shauri lake halijakwisha. Walionunua sehemu ya kiwanja chake si matajiri. Mmoja wao ni mjane ambaye nyumba yake iliungua usiku uleule. Alichanga fedha kwa ndugu, akauza mbuzi wawili, akapewa karatasi yenye sahihi isiyosomeka. Amejenga kibanda cha mbao juu ya jiwe, nacho kinasimama, kwa hesabu za wazee, mahali palipokuwa na darasa la tatu. Vijana wa mtaa walikuja kutuambia kwamba wao wako tayari kukichoma, polisi itazame pembeni tu. Tuliwajibu kwamba hatutatazama pembeni, na ninarudia jibu hilo hapa. Aliyelaghaiwa si mwizi. Mwizi ni yule aliyeuza, na huyo ndiye tunayemtafuta. Kibanda cha mjane kitaondoka kwa amri ya mahakama au kwa makubaliano, baada ya yeye kuonyeshwa mahali pa kukaa. Kikiondoka kwa kiberiti, basi tutakuwa tumeanzisha shule kwa kosa la jinai, na watoto wake mwenyewe, ambao ni wanafunzi wa shule hiyohiyo, watakuwa wameona.

Polisi haigawi ardhi. Kwa Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa nchi hii ni mali ya Serikali. Mtu au shule hupewa haki ya kuutumia, na haki hiyo hutambulika kwa cheti kilichoandikwa katika madaftari ya ofisi ya ardhi. Lava haiingii katika daftari hilo. Shule yenye cheti na iende ikaombe nakala na vipimo vyake mapema, kabla mtu mwingine hajatangulia kuombewa kipande kilekile. Lakini wengi wenu mnajua kwamba baadhi ya shule za huku hazikuwa na cheti. Kiwanja chao kilitolewa zamani na wenye mamlaka ya kimila kwa neno la mdomo, mbele ya mashahidi waliokunywa pombe ya ndizi na kurudi makwao. Shule hizo ndizo zinazoniumiza kichwa. Ushahidi wao umo vichwani mwa wazee, na wazee hawatusubiri.

Ninachowaomba ni hiki. Kila shule iwakusanye watu watano au sita waliokijua kiwanja tangu zamani: mwalimu mstaafu, mlinzi, jirani wa kila upande, na mtu mmoja aliyetumwa na chifu. Wapime kuanzia vitu ambavyo lava haikuvifunika, maana vipo. Kuna makanisa yaliyosalia, kuna nguzo, kuna vilima ambavyo lava ilivizunguka ikaviacha. Jirani wa pande zote wawepo siku hiyohiyo, na kila mmoja aseme alilonalo hadharani. Kisha yaandikwe, watie sahihi au dole gumba, na nakala zibaki kwa mkuu wa shule, kwa mkuu wa mtaa na kituoni kwetu. Karatasi hiyo haitoshi kuwa cheti. Lakini mbele ya hakimu ina uzito kuliko kelele za watu hamsini waliokuja kwa hasira. Na mwenye picha ya zamani ya shule, hata ile ya siku ya ubatizo au ya harusi ambamo ukuta wa darasa unaonekana nyuma ya bibi arusi, asiidharau.

Mipaka ikipatikana, swali linalofuata ni kama mahali penyewe panafaa. Hapa nawasikiliza wazee kuliko vitabu. Mtoto wa Goma hujifunza neno mazuku kabla ya kujua kusoma: ile hewa nzito isiyoonekana wala kunusika, inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, ambayo mbuzi huingia asubuhi na kukutwa amelala hajeruhiwa. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mtoto aliyeinama kuokota mpira anakata roho. Lava mpya inaweza kubadilisha njia za hewa hiyo. Mahali palipokuwa salama mwaka 2020 si lazima pawe salama leo. Mwezi ule wa Mei tuliwapoteza watu waliovuka juu ya lava iliyokuwa inaonekana imepoa, wakazidiwa na hewa. Kwa hiyo kabla ya kuweka msingi, ombeni wataalamu wa kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma waje wapapime. Na uwanja wa kuchezea usiwekwe shimoni hata kama shimo ndilo limebaki bure.

Choo nacho kisisahauliwe. Najua si jambo la kupamba hotuba, lakini wanaojenga juu ya lava wanajua kwamba kuta ni kazi ya majuma na choo ni kazi ya miezi. Jembe haliingii. Sululu inarudi. Watu wengi wameishia kujenga choo kilichoinuliwa juu ya jiwe, chenye ngazi, na hakuna ubaya. Ubaya ni shule kufunguliwa bila choo, kwa kuwa fedha zilikwisha kwenye mabati. Volkano ilikata mabomba ya maji, watoto wakarudi kuteka ziwani, na kipindupindu katika mji huu hakihitaji mwaliko. Tena msichana wa darasa la sita akikosa mahali pa stara, hujificha vichakani. Na yanayompata vichakani ndiyo yanayoletwa kituoni kwetu kwa machozi. Ningekuwa na sauti katika kamati ya ujenzi, ningesema choo cha wasichana kianze, chenye mlango unaofungwa kwa ndani, kisha darasa la kwanza lifuate.

Nizungumze sasa juu ya vifaa. Mbao zinashuka kwa lori na kwa chukudu, mabati yanatoka mjini, na mawe yako hapahapa. Jiwe lililotuangamiza ndilo litakalotubebea ukuta. Tangu mwaka 2002 mji huu umejengwa upya juu ya lava yake na kwa lava yake, na akina mama wanaoketi kando ya barabara wakiponda kokoto kwa nyundo wamejenga Goma kuliko wanavyosifiwa. Wasiombwe kutoa kokoto zao bure kwa kuwa ni kazi ya shule. Yule mama anayeponda ndiye huyohuyo atakayedaiwa daftari na kalamu. Mwenye kutaka kujitolea ana salongo ya Jumamosi, na huko kila mtu anajitolea sawa na mwenzake, daktari na mchukuzi.

Mzigo wa shule unaopita kwenye kizuizi haulipiwi chochote. Mkuu wa shule aandike barua yenye mhuri, idadi ya mbao, jina la mwenye chombo na siku ya safari. Aje kituoni, tutaiandikisha, na barua hiyo itamtosha. Mtu yeyote mwenye sare atakayemwambia kijana wa chukudu kwamba barua haitoshi, kwamba kuna kitu kidogo cha kuongeza, kijana huyo asibishane naye barabarani. Akariri namba ya kizuizi na saa, alete. Nasema haya mbele ya askari wangu waliokaa mstari wa mbele, nao wanasikia.

Michango ya wazazi na ya wahisani, mimi sina namna bora ya kuilinda kuliko ukuta. Namaanisha ukuta wa kubandika karatasi. Kilichoingia na kilichotoka kiandikwe kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, mahali ambapo hata anayekuja kumchukua mtoto anaweza kusoma. Mweka hazina mwaminifu hupumzika akifanya hivyo, kwa sababu anasalimika na maneno ya watu. Na mabati yasilale nje ya nyumba ya mwenyekiti. Yakifika leo, yagawanywe katika nyumba nne au tano za majirani kwa kuandikishana, mpaka siku ya kuezeka. Wezi wa mabati ni wavivu. Hupenda rundo moja.

Nimezungumza sana juu ya mawe na mbao, na muda unakwenda. Lakini lipo jambo ambalo, kama tungeweza kujenga madarasa yote kesho, lingebaki.

Katika siku za mwanzo baada ya mlipuko, shirika la UNICEF lilitoa habari ya watoto zaidi ya 150 waliotengana na jamaa zao, na wengi wengine waliohofiwa kupotea. Wengi walirudishwa kwao. Wapo waliorudi nyumbani lakini hawajarudi shuleni, na tofauti ya mambo hayo mawili huonekana polepole. Mtoto wa kiume huanza kwa kusukuma chukudu siku mbili kwa juma, kwa kuwa baba amepoteza duka. Siku mbili zinakuwa nne. Baadaye anaona kuwa fedha yake ni yake, halali tena nyumbani, na watu wanamwita maibobo, jina ambalo mimi silipendi kwa sababu linamfanya aonekane kana kwamba alizaliwa sokoni. Baada ya hapo wanaomtafuta ni wengi: mwizi anayetaka mtoto mwembamba wa kupenya dirishani, na wenye bunduki wa porini wanaotaka mtu wa kubeba mizigo. Sisi polisi tukimkamata wakati huo, tumechelewa sana. Mwalimu ndiye anayemwona mapema, siku ile ya kwanza jina lake linapoitwa na hakuna anayeitika.

Kwa hiyo naomba daftari la mahudhurio lianze upya hata kama darasa ni hema. Madaftari ya zamani yaliungua. Andikeni majina kwa kumbukumbu, mwalimu mmoja akumbuke, mwingine amkumbushe. Mtoto asiyeonekana siku tatu, mwalimu amwambie mzee wa nyumba kumi wa kwao, na mzee aende mwenyewe kubisha hodi. Akishindwa, aje kwetu, nasi tutakwenda pamoja naye bila pingu wala makelele. Sheria ya kumlinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inampa haki ya kusoma, na elimu ya msingi katika shule za Serikali hailipiwi tangu mwaka 2019. Kumfukuza mtoto wa shule ya msingi kwa sababu mama yake hakutoa mchango wa saruji ni kinyume cha hayo. Najua walimu wana shida zao, najua mishahara inavyochelewa, na sikuja kuwahukumu. Lakini deni la saruji ni la mzazi. Likadaiwe kwa mzazi.

Kwa wasichana nina neno la ziada. Msaada unapogawanywa, iwe sabuni, turubai au nafasi katika darasa, hujitokeza wanaume wanaoomba malipo ambayo hayaandikwi kwenye karatasi ya ukutani. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ukatili wa kingono haimsamehi mgeni mwenye gari, wala mwalimu, wala askari. Mzazi asimalize jambo hilo kwa mbuzi na kreti ya bia. Kituoni yupo afisa wa kike, na chumba chake hakipitii mapokezi. Mnaingilia mlango wa upande wa bustani.

Wanafunzi wa darasa la sita na wale wanaongojea mtihani wa Serikali, ambao vyeti vyao vya kuzaliwa na matokeo yao ya nyuma yaliungua, wasisubiri mwezi wa mtihani. Waje sasa, na mzazi pamoja na shahidi mmoja, tuwaandikie taarifa ya kupotelewa ili ofisi nyingine ziweze kuanza kazi yake. Karatasi hiyo hatuiuzi.

Na kengele. Shule nyingi zimeanza kufundisha chini ya turubai bila kengele, kwa kuwa ile ya zamani, rimu ya gari iliyotundikwa mtini, iliyeyuka au ilizikwa. Tafuteni nyingine. Mwalimu mkuu ajue rangi nne za tahadhari ya volkano, kijani, njano, machungwa na nyekundu, na kila juma aulize rangi ya siku ni ipi. Watoto wafundishwe kwamba mlio fulani maana yake ni kutoka, kila mkubwa ameshika mkono wa mdogo aliyepangiwa, na kuelekea upande uliokubaliwa na wazazi. Mwezi wa Mei mzazi alikimbilia Gisenyi na mtoto akafuata umati wa Sake. Ndivyo wengi walivyopotezana. Mzazi akijua kwamba shule itakwenda upande gani, atajua pa kuanzia kutafuta.

Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, salongo itafanyika katika kiwanja kile ambacho sikukitaja, na wenyewe mnakijua. Hatutajenga siku hiyo, tutapima tu. Fundi wa ofisi ya ardhi amekubali kuja na kamba yake. Majirani wa pande zote nne wameitwa, na yule mjane ameitwa pia, atakuwa na nafasi ya kusema mbele ya watu wote. Askari wawili watakuwapo bila bunduki. Mwenye viatu vigumu avivae, maana jiwe lile linakata, na mzee asiyeweza kupanda juu yake atatafutiwa kijana wa kumshika mkono. Tunamhitaji juu kule kuliko tunavyomhitaji kijana.